Blanketi la Mlango wa Kabati

Rexdale, Toronto
10 Februari 2019

Mume wangu Rogers,

Hujambo huko kwenye mgodi wako wa barafu? Unakula? Soksi nilizokufumia unavaa, au umewagawia wazungu? Sisi tupo. Miguu yangu inauma kama kawaida yake, usiiulizie. Anayeandika ni Jeptoo wa mlango wa pili. Mimi nasema, yeye anaandika. Akipunguza maneno yangu nitajua, maana namwambia anisomee tena.

Habari ni mama yako. Hiyo dawa ya saratani anayotundikiwa hospitali inamtapisha mpaka maji. Adelina amekonda, pete ameifunga uzi isidondoke. Jana nilimpikia uji, akala vijiko viwili, akalia. Mtoto wangu wa miaka hamsini na miwili analia mbele ya uji.

Miti yako minne ipo kabatini chumbani kwetu, mimi na mama yako, kijani kibichi. Kule nyumbani Gonja mjomba wako alikwenda jela kwa mti mmoja tu wa bangi, leo mimi bibi kizee naimwagilia na serikali inajua! Lakini daktari amesema mafuta ya maua yake huenda yakamrudishia mama yako hamu ya kula. Basi namwagilia. Taa inazimwa saa moja jioni, inawaka saa moja asubuhi, ile saa uliyoifunga ukutani inafanya yenyewe. Maua sijaona.

Bibi yako, mkeo wa kwanza


Kambini, kaskazini mwa Ontario
24 Februari 2019

Bibi, mke wangu,

Shikamoo. Mimi mzima, soksi navaa mbilimbili. Simu huku hazishiki, na ndege ya barua inakuja mara moja kwa wiki, kwa hiyo nisamehe nikichelewa.

Bibi, hiyo miti inahesabu giza. Mwanga ukiwa mrefu inadhani ni kiangazi, inazidi kuota majani. Ikipata masaa kumi na mawili ya giza kila usiku, bila kukatizwa, ndipo inajua mwaka unaisha na inachanua. Hata mwanga mdogo unaivuruga. Ndiyo maana niliuziba mlango wa kabati kwa lile blanketi zito. Usiliondoe. Angalia matawi yanapoungana na shina, utaona vinywele vyeupe, ndio mwanzo wa ua. Vipo?

Mpe mama busu.

Mjukuu wako, Rogers


Rexdale
10 Machi 2019

Mume wangu,

Salama? Huku baridi imezidi. Vinywele hakuna. Nimeangalia kwa miwani ya Jeptoo, majani matupu. Blanketi lipo nyumbani, halijaibiwa.

Mama yako jana alishinda kwa chai ya rangi. Khalfan wa Agincourt, rafiki yako aliyekupa miche, anakuja na gari kila Jumanne kumpeleka hospitali. Anambeba mpaka kwenye lifti. Mungu amtunze yule kijana.

Bibi yako


Kambini
24 Machi 2019

Bibi, shikamoo.

Wiki nane bila ua hata moja! Khalfan alinipa miche mibovu. Nimemwandikia. Nimemwambia alinipa majani ya mbuzi huku mama yangu anakufa njaa, na asikanyage tena nyumbani kwetu. Nitatafuta mtu mwingine wa kumpeleka mama hospitali.

Rogers


Rexdale
7 Aprili 2019

Rogers,

Salamu baadaye. Kwanza kaa chini.

Khalfan hana kosa. Lile blanketi nilimfunika mama yako siku ya tatu tu baada ya wewe kuondoka. Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi, na mimi nimekaa natazama kabati limevaa blanketi zito kuliko yote nyumbani! Kabati linasikia baridi? Na taa ndogo nawasha kando yake usiku kucha. Kwetu mgonjwa halazwi gizani. Akifumbua macho lazima aone uso wa mtu. Mlango wenyewe wa kabati ni vipande vipande vya mbao, mwanga unapita kama maji kwenye chujio. Kumbe miti yako humo ndani inasubiri usiku, na usiku haufiki.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Jeptoo aliponisomea, nikanyamaza. Niliona aibu, nikasema labda itachanua tu. Nikakuacha umtukane mtoto wa watu. Hilo ndilo kosa langu. Blanketi si kosa, hata leo ningelichukua. Jeptoo ananikodolea macho, nimemwambia andika.

Jumanne Khalfan alikuja vilevile, na barua yako mfukoni. Akasema, "Bibi, Rogers amenikataza kukanyaga ndani. Mama namsubiri hapa mlangoni." Akasimama kwenye korido na koti lake. Nikamvuta mkono, nikamkalisha, nikasema yote mbele ya Adelina. Nilidhani atakasirika. Alicheka akajishika mbavu. "Bibi, umeilaza bangi na taa kama mtoto mchanga!" Mama yako naye akacheka, mara ya kwanza tangu Krismasi. Nikampa Khalfan makande, akala sahani mbili.

Ile minne ameihamishia kwake, kwenye chumba cha chini ya nyumba, maana sheria ni minne kwa kila nyumba. Ametuletea mbegu za aina nyingine. Hizi anasema zinachanua kwa umri wake: mwezi ukitimia zinaanza zenyewe, uwashe taa usiwashe. Miti yake mifupi, kama mimi. Nimepanda kwenye sufuria zilizotoboka, chini ya taa yako, masaa kumi na nane kwa siku, na mama yako halali gizani.

Mwandikie Khalfan. Leo.

Bibi yako


Kambini
21 Aprili 2019

Bibi yangu, shikamoo.

Barua yako niliisoma kwenye foleni ya chakula, nikatoka kwenye mstari. Ni mimi niliyelivisha kabati blanketi, mama yuko hatua mbili anatetemeka. Asante kwa kulichukua. Asante pia kwa kusema. Ungeweza kunyamaza na nisingejua kamwe.

Khalfan nimemwandikia ukurasa mzima wa kuomba radhi. Amejibu mstari mmoja: "Rudi ule makande, bibi yako anapika vizuri kuliko wewe unavyotukana."

Mjukuu wako


Rexdale
14 Julai 2019

Mume wangu Rogers,

Hujambo? Sisi hatujambo, na safari hii nasema kweli. Mwandiko unatetemeka, usiuulizie, utajua mwisho.

Ilichanua. Ile mifupi ilitimiza mwezi mmoja tu, vinywele vyeupe hivyo, na taa yangu ndogo inawaka usiku kucha. Khalfan alikata, akaanika, akapika mafuta jikoni kwangu, nyumba ikanuka mpaka Jeptoo akaja kugonga. Daktari alitupangia matone. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili mama yako alilala vizuri. Siku ya tatu nikiwa naosha vyombo nasikia, "Mama, makande yamebaki?" Nilidondosha sahani. Akala, kisha akasema chumvi imepungua. Tukagombana! Mungu wangu, nilivyomshukuru kwa ule ugomvi.

Saratani bado ipo, sikudanganyi. Lakini anakula, na pete inakaa kidoleni bila uzi. Namshukuru Khalfan. Namshukuru Jeptoo. Nakushukuru wewe uliyenunua taa. Hata kile kimti kifupi nilikishukuru kabla hakijakatwa, cheka ukitaka. Na ile minne yako imechanua kwa Khalfan, kule chini hakuna bibi wa kuwasha taa.

Blanketi nimelifua, linakauka kwenye roshani. Njoo.

Bibi yako, mkeo wa kwanza

Rogers, ni mama. Jeptoo yuko kazini, kalamu nimeshika mimi tangu salamu. Bibi anasema amemaliza, lakini bado anaongea. Naacha hapa mwanangu, nina njaa.

Mama yako