Kiitaliano cha Mkekani Mchafukoge

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Huko Maskati kwa mwanao najua simu unayo, lakini hili sikutaka kukwambia kwa simu. Naliandika hadharani, asome kila mtu.

Unakumbuka nilipofeli mtihani wa kuzungumza Kiitaliano? Nilikuwa nasomea biashara, Kiitaliano nimekichukua pembeni kwa kukipenda tu, na nikifeli tena basi nakiacha. Nilikuja kwako Mchafukoge nikilia. Hukunibembeleza. Ulinionyesha mkeka. "Kaa hapo na wenzio."

Wenzio! Watoto wa madrasa yako, wa miaka saba, minane, na mimi mtu mzima wa chuo kikuu na daftari langu. Wao wakimaliza, zamu yangu. Hukujua hata neno moja la Kiitaliano, ila kidole chako kilifuata mstari herufi kwa herufi. "Umeruka. Rudi mwanzo." Siku niliyosoma jinsi Waitaliano wanavyoandaa karamu, sahani baada ya sahani, ulinikatiza: "Vyote hivyo na pilau hamna? Maskini." Haukupita muda watoto wakaniibia maneno, wakishuka ngazi wanampigia kelele muuza kahawa "Buongiorno!" naye anawaitikia "Marahaba."

Siku ya mtihani nilifumba macho mbele ya mwalimu nikaanza kusoma kwa moyo yale ya daftari. Sikujua kama nayumbayumba, mbele na nyuma, sauti inapanda na kushuka kwa mahadhi ya madrasa, mpaka wenzangu mlangoni walipoangua kicheko. Sikusimama. Nilimaliza bila kuruka neno, maswali nikayajibu yote, nikafaulu! Nilitembea mpaka Posta nikicheka peke yangu.

Ila kabla ya hapo, pale mlangoni, waliniuliza, "We, nani kakufundisha hivyo?" Niliona haya, Mama. Nikasema nimejifunza mwenyewe kwenye simu. Jioni uliniletea visheti vya kunipongeza, nikavila vyote. Ukasafiri sijakwambia.

Mwezi huu nimehitimu, na Kiitaliano kimo kwenye cheti. Nina furaha mpaka Kariakoo nzima naiona ndogo, lakini hainogi na uongo ule ndani yake.

Basi nyie mliokuwa mlangoni siku ile, someni hapa. Sikujifunza kwenye simu. Alinifundisha Mama Mkubwa wangu, mwalimu wa madrasa, lugha ambayo yeye mwenyewe haijui.

Nisamehe, na uwasalimie wajukuu.

Ni mimi mwanao,
binti wa mdogo wako