Shodieri Nayo Inapumua

Mama yangu mupendwa,

Naomba Mungu barua hii ikukute umeketi karibu na mbabula ya makala, maharagi iko inachemuka, na ile goti yako imetulia. Na wewe Neema, mudogo wangu unayemusomea Mama, tumbo inaendelea muzuri? Usisome mbio, na usiruke pahali nilikosea.

Sisi huku Ubelgiji tuko wazima. Lakini Mama, ile neno ulisema kwa simu ilinichoma: «Kama baridi inamushinda mutoto, munirudishie yeye Nyamitaba, nitamubeba mimi mwenyewe.» Ni kweli, Dani alikuwa analala na kofia uliyomufumia na soksi mbili, na bado mikono yake ilikuwa baridi kama mawe ya mutoni. Hata Baba Dani alianza kusema labda uko na haki. Mimi sikutaka kutengana na mutoto wangu.

Huku nyumba inapata joto kwa mashine moja kubwa, wanaiita shodieri. Inakaa chini ya nyumba, inachemusha maji, na ile maji inapita mu mabomba mpaka mu vyumba. Yetu imezeeka sana. Joto yote inabakia kule chini na panya, juu haifike. Nikasema, kumbe dawa iko rahisi! Nilikamata blanketi ya maua uliyonipa siku ya ndoa, nikaifunga shodieri yote, kichwa mpaka miguu, kama vile tunafunga mutoto mugongoni. Baba Dani alicheka mpaka machozi: «Mama Dani, umezaa ingine? Hii nayo utainyonyesha?»

Bahati, moto ilikuwa imezimwa, kwa sababu fundi mumoja muzee alikuwa anakuja kuipima ile siku, kama kila mwaka. Yeye hakucheka.

«Nani alifanya hii?»

«Ni mimi, Papa.»

«Binti yangu, hii blanketi ingewaka. Na kama haiwaki, moto ingekosa hewa, moshi mubaya ingepanda kuwakuta mumelala. Ile moshi haina harufu.»

Mama, nilifungua ile blanketi mbio. Nikakumbuka vile ulikuwa unatoa mbabula inje kabla ya kulala, hata tulie baridi namna gani. Nikamwambia: «Papa, basi ni kama tanuru ya makala! Mama yangu anachoma makala kwetu. Anafunika kuni na majani na udongo, lakini anaacha matundu. Ukiziba matundu, umeharibu yote.»

Akaniangalia. «Mama yako ni fundi. Basi nionyeshe matundu ya hii.»

Nikaizunguka, nikamuonyesha. Hapa inavuta hewa. Hapa inatoa moshi. Akaniongezea ya tatu, kabomba kadogo kenye kutema maji kama joto inapita kiasi: «Hii usiifunike hata siku moja.» Akatoa mu gari yake sufu ya mawe, kama pamba ya kushika joto, ile moto haiwezi kula. Inawasha kama upupu, tukavaa gants mikononi na kufunga mudomo. Yeye alivalisha tumbo ya shodieri, mimi nikavalisha mabomba, na matundu yote tukaacha wazi. Kwa ukuta akaweka kakitu kadogo kenye kulia kama moshi mubaya inakuja. Alipoijaribisha, Dani naye akalia. Wawili pamoja, weee!

Kesho yake, Dani akavua kofia, akaitupa. Nikamuvalisha, akatupa tena. Nikagusa kichwa: jasho! Baba Dani akasema: «Umuache. Anajisikia kama iko mugongoni mwa koko yake, mama yako.»

Unisalimie Papa wetu, umwambie apunguze tumbako. Umusalimie Mama Mukubwa, dada yako wa Mweso, na muchungaji aliyetuombea.

Blanketi yako nimeifua, iko kwa kitanda yetu. Kofia nimeitia mu hii bahasha, ni ya mutoto wa Neema anayekuja. Baridi haitamurudisha mutoto wangu, Mama. Ni kofia tu njo inarudi.

Ni mimi binti yako, mwanafunzi wa tanuru yako,
Sifa, Mama Dani