Nikinyoosha Pua Yangu, Baba Ataniita Nani?

Mama Sainab mpendwa,

Wengi wanaokuandikia huwa wanalia, mimi silii, ni mzima na nina furaha zangu, nafundisha darasa la pili hapa Kendu Bay, naimba sauti ya kwanza katika kwaya, nimechumbiwa na kijana mwenye adabu na njaa siijui, kwa hiyo ukiona shida yangu ni ndogo kuliko za wengine unisamehe, lakini naomba unisaidie kwa maana jambo lenyewe ni pua, na pua haifichiki.

Jina langu lote usilichape, andika Aloo tu, akina Aloo huku ni wengi. Aloo ni jina la marehemu mama yake baba yangu, na kwetu sisi Wajaluo mtoto akipewa jina la marehemu basi kwa namna fulani ni yule marehemu amerudi, ndiyo sababu baba yangu, mzee Cephas wa huko Rangwe, tangu nikiwa mchanga hajaniita jina lolote ila Mama, na si mzaha, nikiingia hutoka kwenye kiti ili nikae mimi, kichwa cha samaki ni changu, na akigombana na mama mzazi hutumwa mimi nikaseme, "Cephas, inatosha," naye hunyamaza kabisa.

Sasa nilipokuwa na umri wa miaka saba nilipanda juu ya ghala la mtama kumfuata kuku aliyekuwa anataga huko, nikaanguka kifudifudi, pua ikavunjika ikalala upande wa kushoto, damu zinachuruzika, na badala ya kunipeleka zahanati watu wa boma waliponitazama wakapiga vigelegele, kwa sababu pua ya Dani Aloo, yaani bibi yangu, ilikuwa imelala vilevile, kushoto vilevile, wakasema sasa ndiyo amefika kabisa, kumbe siku zote alikuwa bado njiani, baba akachinja jogoo, nami nikapewa paja zima ambalo sikuweza kulitafuna. Pua imebaki hivyo mpaka leo, ina nundu katikati, na ncha yake inatazama ziwani hata mimi nikitazama barabara.

Mwaka huu nilimsindikiza shangazi yangu Benta, dada mkubwa wa baba, kwenda hospitali moja ya misheni upande wa Migori, kwa sababu mkono wake uliungua mafuta ya taa zamani na vidole vikakunjika, na huko huja daktari wa kigeni kwa ndege ndogo, kazi yake ni kunyoosha viungo vya namna hiyo na kushona midomo iliyopasuka. Alipomaliza na mkono wa shangazi akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku, akasema kitu, na muuguzi mmoja, Priscah, akanitafsiria kwamba pua hii inaweza kunyooshwa, daktari anarudi mwezi wa nane, nikitaka niandikishwe. Mama Sainab, sikuwahi kujua kwamba nataka mpaka niliposikia kwamba inawezekana. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeishika pua.

Ndipo shangazi akacheka akaniambia, "Na hiyo pua hata si ya dani. Ni ya ng'ombe."

Nikamwuliza, "Ng'ombe gani, waya?" Ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo.

Akasema, "Ng'ombe ya baba, ile nyekundu. Mama alikuwa anakamua, ikampiga teke. Mimi nilikuwa msichana tayari, niliona na macho yangu. Baba yako alikuwa hajazaliwa. Yeye anafikiria mama alitoka na pua hiyo kwa Mungu."

Nikamwuliza kwa nini hajamwambia baba miaka yote hiyo, akanijibu, "Nani ameniuliza?" Akaongeza kwamba marehemu hakuipenda ile pua hata siku moja, akicheka lazima aifunike kwa kiganja.

Nilipofika nyumbani nilimweleza baba habari ya daktari, ile ya ng'ombe sikuitaja, niliogopa. Akasema, "Mama, ukinyoosha hiyo, nitakuita nani?" Hakunikemea, heri angenikemea. Tangu siku hiyo nikienda Rangwe ananisalimia vizuri lakini haniiti chochote, husema tu, "Umefika," na jambo hilo linaniuma kuliko nilivyodhani.

Mchumba wangu Fanuel, karani wa kiwanda cha pamba Homa Bay, naye nikimwuliza anasema, "Mimi nilichumbia uso mzima, fanya vile unataka," sasa hilo ni jibu gani? Nimefikiria nimwambie baba naenda semina ya walimu Kisumu, nikapasuliwe kimya kimya, nirudi uvimbe umeisha, labda hatatambua. Tena hata sijui ninachokiendea. Nimekata gazetini picha ya bibi mmoja kwenye tangazo la sabuni, pua yake nyembamba imenyooka sawasawa, je, nimpelekee daktari anichongee kama ile? Nitaumia sana? Nitasikia harufu tena? Sauti yangu ya kuimba itaharibika? Na nikiiondoa pua hii, ndiyo nimemfukuza bibi yangu?

Ni mimi Aloo, Kendu Bay.

* * *

Aloo binti yangu,

Barua yako imenichekesha mpaka mume wangu Dahir akaacha wateja dukani akaja kuuliza kuna nini. Mtoto anavuja damu, watu wazima wanapiga vigelegele! Ningekuwapo siku hiyo ningewachapa wote kwa ufagio, kisha nikubebe mwenyewe hadi zahanati, maana pua iliyovunjika hurudishwa kwa urahisi ingali mbichi. Ikishaunga vibaya ndipo hutakiwa daktari wa kuja kwa ndege. Lakini yaliyopita si ndwele. Hawakuwa na nia mbaya, walikuwa wamefurahi kumpata mama yao.

Nianze na hiyo semina ya Kisumu. Itupe. Mwalimu mzima, unataka kurudi na pua nyingine na baba asitambue? Mzee huyo ameitazama pua hiyo miaka yote kuliko unavyoitazama wewe kwenye kioo. Atatambua kabla hujavuka lango, na kitakachomchoma si pua, ni kwamba ulimdanganya. Njia ya mwongo ni fupi, na wewe unataka kuianza ukiwa umevaa uongo wenyewe usoni.

Sasa upasuaji. Nimemsomea barua yako mwanamke mmoja aliyefanya kazi katika chumba cha upasuaji miaka mingi, akasema nikueleze bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Utapewa nusukaputi, hutasikia kitu. Daktari ataingilia ndani ya tundu za pua, atakwangua ile nundu, kisha atauvunja tena mfupa uliovunjika ulipoanguka, kwa sababu mfupa ulioungana kombo haunyooki kwa kubembelezwa. Ukiamka utakuta pua imezibwa kwa shashi na juu yake pana plasta ngumu, utapumua kwa mdomo, koo litakauka, na utamlaumu kila aliyekushauri, mimi nikiwa wa kwanza. Macho yatavimba na kuwa meusi kana kwamba umepigana sokoni. Usitishike, na usiombe kioo. Anasema maumivu si makali kama watu wanavyoogopa, ni uzito zaidi, na kukosa usingizi mzuri, kwa hiyo lala ukiwa umeinua kichwa kwa mito.

Plasta hutolewa baada ya wiki moja hivi au zaidi kidogo, na siku hiyo wengi hulia, kwa maana walitegemea kuona pua mpya na wanaona muhogo. Huo ni uvimbe, bado si pua yako. Sehemu kubwa hupungua katika miezi ya mwanzo, lakini ncha yaweza kuchukua hata mwaka, tena itakuwa na ganzi ukiigusa. Harufu itapotea kwa muda kisha kwa kawaida hurudi, na hapo Kendu Bay samaki wakianikwa utajuta kwamba imerudi. Sauti itakuwa ya mtu mwenye mafua kwa majuma kadhaa. Iambie kwaya imtafute mwingine wa sauti ya kwanza mpaka upone, nawe ukae kwenye benchi usikilize wenzako, haitakuua.

Usipenge kamasi. Usiiname kulima wala usibebe mtungi kichwani mpaka daktari akuruhusu, ukae mbali na moshi wa jikoni, na asprini usiimeze bila kumwuliza, maana huzidisha kutoka damu. Ukishikwa na malaria au mafua wiki ya kwenda, sema, usifiche, waahirishe. Ukisharudi nyumbani kisha damu zikatoka nyingi au homa ikapanda, rudi hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri dawa za jirani. Mwezi wa nane shule zimefungwa, hapo umebahatika.

Na hiyo picha ya sabuni, binti yangu, ifungie vitumbua. Daktari si fundi wa cherehani umpelekee mtindo. Hutumia mfupa na ngozi ulivyo navyo. Mwombe akurudishie pua uliyokuwa nayo kabla ya kuanguka, hiyo ndiyo anayoweza kuikaribia, na hata hiyo yaweza kubaki imepinda kidogo. Wapo wanaorudi kupasuliwa mara ya pili. Ikiwa utaridhika na pua iliyo bora kuliko hii ingawa si kamili, nenda. Ikiwa unataka ya yule bibi wa sabuni, baki nyumbani. Wala usidhani ndoa itakuwa tamu zaidi kwa ajili yake, au darasa la pili litakaa kimya zaidi. Nimefurahi kwamba katika barua yote hukusema hata mara moja kuwa unajichukia. Unaitaka pua iliyonyooka kama mtu anavyotaka kuezeka mabati nyumba ambayo tayari anaipenda, na kwangu hiyo ni sababu ya kutosha.

Unaniuliza jibu la Fanuel ni jibu gani. Ni jibu la dhahabu, mjinga wee! Laiti ungesoma barua ninazopokea kutoka kwa wanawake ambao waume zao wana maoni juu ya kila kiungo chao. Mshike huyo kijana, na usimsumbue tena.

Tubaki na mzee Cephas. Kama kunyoosha pua ni kumfukuza marehemu, si mimi wa kuamua, mimi ni mke wa mwenye duka na Mwislamu, mila za Wajaluo sizitolei fatwa. Lakini nina macho. Bibi yako, kama watu wa rika lake huko kwenu, bila shaka aling'olewa meno sita ya chini kwa mila, na baba yako pia, nadhani. Wewe je? Kama unaimba sauti ya kwanza mbele ya kanisa zima, naamini meno yako yote yamo. Nani aliyekataa using'olewe, kama si baba yako mwenyewe? Alikuacha na meno ambayo mama yake hakuwa nayo, na bado akakuita Mama na kukupisha kwenye kiti. Basi mzee huyo alikwisha kukubali zamani kwamba mama yake anaweza kurudi akiwa na tofauti kidogo. Hajakumbushwa tu.

Habari ya ng'ombe si yako kuitoa. Ni ya shangazi yako Benta, na ameikalia vya kutosha. "Nani ameniuliza!" Haya, mimi namwuliza, mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili. Mchukue mwende naye Rangwe, Jumapili baada ya kanisa, watu wakiwa wameshiba, aketi mbele ya ndugu yake na kumweleza kwa kinywa chake jinsi mama yao alivyokuwa kabla ya lile teke, na jinsi alivyokuwa akiifunika pua akicheka. Wewe nyamaza, usiongezee neno. Fikiri, Aloo, mzee huyo amezaliwa na kukua bila kuiona hata siku moja sura ambayo mama yake mwenyewe aliipenda. Sisemi daktari atakupa sura hiyo. Nasema baba yako anayo haki ya kujua kwamba ilikuwapo, na akishajua, huenda asikuone tena kama mtu anayemnyang'anya kitu.

Kisha usimwombe ruhusa, una kazi yako na akili zako timamu. Mwombe akusindikize. Mzazi akiombwa ruhusa hujiona hakimu, akiombwa kusindikiza hujikuta anatafuta viatu. Akikubali, akae nje ya mlango wa hospitali hiyo mpaka utoke, na Priscah amweleze mapema habari ya macho meusi asije akaanguka yeye.

Na akikataa? Nenda ukapasuliwe, mwezi wa nane huo huo, ukiwa umemwambia siku unayokwenda na mahali unapokwenda. Kisha usijifiche Kendu Bay ukingoja uvimbe uishe. Nenda moja kwa moja Rangwe, macho yakiwa meusi na plasta ingali usoni, uketi mlangoni pake ukisema kwa sauti hiyo ya mafua kwamba umefika na unaumwa. Akukasirikie akikuona. Nina miaka mingi katika kazi hii na bado sijapata barua hata moja ya baba aliyemwacha nje mtoto aliyefungwa bandeji.