Mama Amevuka Daraja Bila Wewe

Donholm,
Nairobi.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa kaka yangu Mureithi,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe, Jacky na Eve mdogo hamjambo, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu upunguziwe zamu. Sisi tupo, Mungu anatushikilia. Mama anakula vizuri na presha imetulia, ila miguu inavimba jioni, na kumbukumbu ndiyo hiyo unayoijua, inakuja na kwenda.

Utashangaa kupata barua na simu zipo. Nimempa Lorraine, jirani yetu anayesafiri kuja huko, kwa sababu kwenye simu ningezungukazunguka kisha nikate kabla ya kusema.

Kaka, tulimpeleka Mama kwenye lile daraja la mbao la kwetu.

Najua ulituomba tungoje Disemba. Ulitaka kuvuka naye wewe mwenyewe, pale alipokuvusha mgongoni ukiwa mtoto mchanga, akimfuata Baba kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, Makongeni. Lakini nilisikia kwamba litafungwa ili mbao zilizooza zing'olewe, na Mama naye alikuwa ameanza kuamka na kuvaa viatu, akisema tunachelewa mtoni. Ningeweza kukuambia. Sikukuambia, kwa kuwa nilijua ungesema tungoje, nami nilikuwa nimechoka kungoja.

Mdogo wetu Ndung'u alifunga duka lake la spea Jumamosi moja, akatuendesha.

Laiti ungeliona bonde lile baada ya mvua. Mashamba ya chai yanashuka hadi ukingoni, ukungu umelala juu ya maji, na daraja liko vilevile, jeusi, limebonyea kidogo katikati. Wazee wa kwetu waliburuta yale magogo kutoka msituni kwa amri ya mkoloni, na mbao za kushikia zimelainishwa na viganja vyao na vya wajukuu wao. Nilipozishika nilikukumbuka, nikaona haya.

Mama alikataa fimbo. Alivuka polepole, Ndung'u kando yake, mimi nyuma na mkoba. Alipofika katikati akasimama, akamgeukia Ndung'u, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Mureithi," akasema, "umekuja."

Ndung'u akanitazama. Ningeweza kumkataza asiitike. Badala yake niliinamisha kichwa kukubali.

"Nimekuja, Mama," akajibu.

Hapo Mama alisema maneno ambayo ni yako, kwa hiyo nakuandikia kama nilivyoyasikia: "Nilikupitisha hapa ukiwa na homa, nikidhani utanifia njiani. Nikamwambia Mungu akuache tu ufike ng'ambo, na popote utakapokwenda baadaye sitalalamika. Lakini nimelalamika sana, mwanangu. Nisamehe. Nenda popote, uende na amani."

Kisha akamtemea mate kidogo kifuani, kama nyanya alivyokuwa akitubariki. Ndung'u alisimama wima mpaka akamaliza.

Njia nzima ya kurudi Mama alilala. Tulipofika nyumbani, Ndung'u akazima gari, akaniuliza bila kunitazama, "Na mimi, dada, leo nilikuwa wapi?"

Yeye ndiye humletea Mama uji kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Yeye ndiye humkata kucha, maana mimi Mama hunikatalia. Baraka ile ilikuwa yako, mikono ilimshika yeye, na kati yenu nyote wawili hakuna aliyeipata. Mimi ndiye niliyeinamisha kichwa.

Tena Mama haulizi. Zamani kila tukitoka kanisani alikuwa akiuliza Mureithi anakuja lini. Sasa anawaambia akina mama wenzake kwamba ulikuja, umekonda, lakini umerudi kazini salama. Wananipongeza, nami naitikia.

Sikuombi uniambie kwamba si kitu. Ninachokuomba ni usiahirishe safari, hata kama utakuta daraja limefungwa. Mpigie Ndung'u kabla hujanipigia mimi, kwa sababu yeye hataanza. Na ujiandae, kaka. Siku hizi mwanamume yeyote akisimama mlangoni, Mama humwita Ndung'u. Akikuita hivyo, itika.

Shirleen wangu anakusalimu na kumuulizia Eve kila mara. Shangazi Wangechi anasema hajakusahau, nawe usimsahau. Ndung'u hajui kwamba nimekuandikia, lakini najua angekusalimu.

Mungu akulinde katika baridi ya huko, akulete kwetu ukiwa mzima.

Wako akupendaye, hata sasa anapoona haya,

Dada yako,
Teresiah