Ringi Ulizochomelea, Mjomba

Mjomba Sefu,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini mkono unakataa kukuandikia bila shikamoo.

Niko gereji kwetu, mtaa wa Gerezani, nimeweka karatasi juu ya boksi la spana. Arobaini yako imepita. Mkeo, Mama Rajabu, bado anaamka alfajiri anakuchemshia maji ya kuoga. Akikumbuka, anayamwaga uani.

Nina neno zito, Mjomba. Nianzie siku ile ya bonde la Jangwani.

Pikapu ya mteja wetu ilikuwa imezama kwenye tope, magurudumu hayaonekani. Mbele ilikuwa na ngao, yale mabomba ya chuma ya kukinga bampa, na kwenye ngao palikuwa na ringi uliyoichomelea mwenyewe. Ulifunga mkanda wa kuvutia kwenye ringi ile, upande wa pili ukaufunga kwenye gari letu. Mimi nilikaa kwenye usukani. Wewe ulisimama kando ya mkanda, mkono juu. "Tatu, vuta! Ongeza!"

Nikaongeza.

Nilisikia mlio kama bati linapasuliwa. Ringi ilikuwa imeng'oka, mkanda umeirusha kama manati, imekupata kifuani. Niliposhuka ulikuwa umekaa kwenye tope, unapapasa huku na huku unatafuta kofia yako. Tulipofika hospitali kule Upanga, ulikuwa umeshaondoka.

Watu wote waliniambia, kazi ya Mungu haina makosa. Nikaitikia. Lakini mguu uliokanyaga mafuta ulikuwa wangu. Na ringi ilikuwa yako. Hayo sikumwambia mtu, hadi wiki iliyopita.

Jumatatu alikuja Dada Neema, dereva wa kliniki inayotembea. Huwa anawapeleka wauguzi kwenye vijiji vya Rufiji, na mvua zimeshaanza huko. Gari lake lina ngao kama ya pikapu ile. Akasema, "Tatu, niongezee ringi nyingine hapo kwenye ngao, iliyopo inacheza. Dakika kumi tu. Kesho alfajiri tunaondoka."

Nikalala chini ya gari. Nikakwangua rangi nyeusi kwenye mguu wa ngao, pale ringi iliposhikia, nikauona mshono. Nani Gerezani asiyeujua mshono wako? Umepangika kama magamba ya samaki. Ilikuwa kazi ya mkono wako, Mjomba, nzuri kuitazama, na pembeni yake ulipita ufa mwembamba kama unywele. Niliigonga ringi kwa nyundo mara tatu. Ikaanguka.

Dada Neema akaiokota, akaigeuzageuza. "Hii ndiyo iliyotutoa matopeni mwaka jana," akasema. "Wauguzi walikuwa wamesimama pale pale mbele, wanatazama."

Nikamwambia nikiwa chini ya gari, mafundi wote wa uani wanasikia: "Mjomba wangu aliuawa na ringi kama hiyo. Aliichomelea yeye, nikavuta mimi." Halafu fundi mmoja akasema, "Tatu, mtu anasafiri kesho. Chomelea mambo yaishe." Nikakataa. Nikamwambia Neema, ngao ni ya kukinga, si ya kuvutia. Mzigo wa gari lililozama haubebwi na mshono, unabebwa na chasisi, fremu ya chini ya gari. Akatazama saa, akatazama ile ringi mkononi. "Fanya unavyojua," akasema. "Mimi sitoki hapa."

Nikaifungua ngao yote. Nikatafuta Kariakoo vishikio viwili vya kuvutia vya gari la aina ile, vipande vya chuma kinene vinavyokaa moja kwa moja kwenye chasisi, kulia na kushoto. Bolti za kwanza nilizopewa zilikuwa zinang'aa, ila kichwani hazina alama yoyote ya ugumu. Nikazirudisha. Muuzaji akafyonza, akasema bolti ni bolti. Duka la tatu ndipo nikazipata, ngumu na ndefu, maana ngao ingerudi kwenye bolti hizo hizo na miguu yake inakula nafasi, na bolti fupi isingeishika nati sawasawa. Adhana ya alasiri ikanikuta nimekaza upande mmoja tu. Sikuridhika, nikafungua nikakaza upya. Nikachora mstari wa rangi nyeupe kwenye kila nati, ikilegea uonekane umehama.

Kisha ikabidi tujaribu.

Nilifunga mkanda mmoja kwenye vishikio vyote viwili ili vigawane mzigo, nikaunganisha na lori lililoegeshwa. Nikatandika zulia zito juu ya mkanda, ukikatika usiruke. Nikawafukuza watu wote uani, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, hata yule fundi akatoka. Nikaingia kwenye gari, Mjomba, na mguu ukagoma. Ulikuwa mguu ule ule. Nikasoma Fatiha. Nikakanyaga taratibu. Mkanda ukakaza, lori likayumba, jasho likaniingia machoni, nikasubiri ule mlio.

Haukuja. Mistari myeupe haikuhama hata kidogo.

Waliondoka alfajiri. Alhamisi Neema alinipigia kutoka Rufiji: walizama, wakavutwa, na kila mtu alikuwa amekaa mbali kama nilivyomwagiza.

Lakini ringi zako nyingine bado ziko barabarani. Nilikwenda kwa Mama Rajabu kumwomba daftari lako la namba za simu za wateja. Akanikazia macho. "Unataka watu wamsemeje marehemu?" Nikasema, "Nataka asimuue mtu akiwa kaburini." Lilinitoka hivyo hivyo, kavu. Alilia, nikalia. Baadaye akaingia ndani akaniletea daftari. Ukurasa wa kwanza alikuwa ameshaniwekea alama kwenye majina ya wateja anaowakumbuka uliwachomelea ringi.

Sikulaumu, Mjomba. Ulifanya kama ulivyofundishwa, na mimi ungenifundisha hivyo hivyo. Nimekuchukia siku mbili tatu, nisikufiche. Kisha nikakukumbuka ulivyonipulizia jicho nilipoingiwa na cheche, unasema, "Fundi wa kike analia jicho moja tu, lingine linatazama kazi." Nikacheka peke yangu humu ndani.

Nimeshakata ringi saba. Wateja wawili wamenitukana, wamekata simu. Nitawafuata hadi majumbani. Gari moja liko Lindi. Mwenyewe hana nafasi ya kuja, kwa hiyo Jumamosi napanda basi, nimeshafunga grandi ya kukatia chuma na vishikio kwenye begi.

Pumzika, Mjomba wangu. Hakuna atakayeumia kwa mkono wako maadamu wangu ungali mzima. Na kila ringi nitakayoikata, nitakuombea dua hapo hapo chini ya gari, kwa sauti, mwenye gari asikie jina lako.

Mpwa wako,
Tatu