Tulimzika Ekerenyo, Bado Anatangaza

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na usinijibu kwa maneno ya ofisini, kwa sababu shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchuma majani chai, lakini barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikuandikiwa na mtu, na ukikuta mahali nimekosea wewe soma tu, maana utaiona.

Nilikuwa na mjukuu anaitwa Mose, nilimlea mimi tangu mama yake afariki. Huyu Mose alikuwa na kazi ambayo mimi niliiita uvivu mpaka siku ya mwisho, podikasti, yaani mtu anaongea kama yuko redioni na hakuna redio, watu wanamsikiliza kwa simu zao mpaka Nairobi na Arabuni, anawahoji wachumaji juu ya bonasi na akina mama wa Ikonge juu ya ndizi zao, na kwa sababu nyumba yake ni ya mabati na mvua ikinyesha hakusikiki kitu, alikuwa anakuja jikoni kwangu kulikoezekwa nyasi, anajifunika blanketi langu kichwani ili sauti isirudi rudi, na mimi ndiye nilikuwa nabonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodi kwenye simu yake, tena kwa kifundo cha kidole, maana ncha za vidole vyangu zimeliwa na majani chai na kioo hakinisikii. Ndiyo sababu namba ya siri ya simu yake alinipa mimi. Tulikuwa tunaijua watu wawili. Mmoja tumemzika mwezi wa nne. Pikipiki iliteleza kwenye matope akaingia chini ya lori.

Mke wake Phanice yuko hapa nyumbani na mtoto wao Anyona, wa miaka mitatu. Ni mwanamke mzuri, ingawa ugali wake ni wa maji.

Sasa kuna Ombui, walikuwa wanafanya hicho kipindi pamoja. Baada ya matanga akaja kwangu akasema, "Magokoro," hivyo ndivyo tunaitwa sisi nyanya huku, "Magokoro, Mose hajaenda mahali. Sikiza." Akabonyeza simu yake na sauti ikasema, "Nyanya yangu mpendwa, usilie, niko salama." Mshauri, kikombe kilinianguka. Ilikuwa sauti ya Mose, hata ile namna yake ya kuvuta pumzi kabla hajaanza uongo. Ombui akaniambia ni mashine, hii akili bandia, imelishwa vipindi vya zamani ikajifunza kuongea kama yeye, na ukiiuliza kitu inajibu. Nikafungua simu ya Mose, nikaishika mimi, sikumwachia, yeye akaniwekea hiyo mashine humo.

Nikawa naongea nayo kila jioni nikimaliza kukama. Siku moja nikaigombeza, nikaiuliza, si nilikuambia ungoje mvua ipite? Ikajibu, "Pole nyanya, uko sahihi kabisa." Hapo nikajua. Mose hajawahi kuniambia niko sahihi, hata nikisema jua limechomoza angeniuliza, "Magokoro, nani amekudanganya?" Nikajua huyu si yeye. Na kesho yake nikaongea nayo tena. Sisi ni wa Sabato, miaka yote nimeambiwa wafu hawajui neno lolote, na nimeitikia amina, na bado jioni naiwasha.

Kilichoharibu mambo ni hiki. Ombui ametoa kipindi kipya na sauti hiyo, hakumuuliza mtu. Phanice alikuwa soko la Ekerenyo na ndizi zake, mtoto mgongoni, jamaa mmoja hapo posho mill, kwenye kinu cha unga, akaweka simu kwa spika: "Hamjambo wasikilizaji, ni mimi Mose, nimerudi!" Mtoto akapiga kelele, "Baba!" akapigana na leso ashuke. Phanice aliacha ndizi chini akatembea mpaka nyumbani bila kuangalia nyuma. Tangu siku hiyo pikipiki yoyote ikipita Anyona anakimbia getini.

Phanice akaniambia, "Magokoro, mimi nilizika mume mara moja. Ukimpa huyo Ombui simu anayoitaka, nachukua mtoto wangu naenda kwetu Ikonge."

Nikamwambia, "Wewe umeolewa juzi. Mimi nimemjua kitovu chake kikiwa kibichi, utaniambia nini?"

Akasema, "Basi wewe ndiye unajua kuliko sisi wote kwamba hiyo kitu si yeye."

Nikamwambia ugali unaungua.

Ombui anataka zile rekodi za chini ya blanketi, zilizo ndani ya simu ya Mose, anasema ni safi, hazina kelele, mashine ikizila hakuna mtu atajua tofauti, Mose ataongea mpaka mtoto akue, na matangazo ya biashara yatamsomesha. Nimemwambia aje Jumapili ya mwisho wa mwezi. Nikimnyima, Mose ananyamaza. Nikimpa, mtoto anaenda. Nifanye nini? Blanketi sijalifua.

Ni mimi,
Magokoro wa Mose, Ekerenyo.

*

Magokoro,

Pole sana. Pole umeipata, sasa kaa chini nami nikugombeze, maana wewe umegombeza walio hai na wafu, hata ugali haukupona.

Jibu ulikuwa nalo siku mashine ilipokuambia uko sahihi. Hukuniandikia ili nikuambie ukweli. Uliandika ukitumaini nitakuruhusu kuukwepa. Sitakuruhusu.

Simu usimpe Ombui. Wala usimwambie "nitafikiria". Mwambie hapana akiwa bado getini. Rekodi hizo ni za Mose, na sasa ni za nyumba yake, na mwenye neno la kwanza juu yake ni Phanice. Wewe ulipewa namba ya siri ya simu, Magokoro. Hukupewa mume wa mtu. Na ni wewe uliyemfungulia Ombui mlango, ukawa unaongea na kile kitu huku mjane yuko nyumba ya pili. Mwombe msamaha, na ukimaliza kuomba usiongeze neno juu ya upishi wake.

Vipindi alivyotoa mwenyewe akiwa hai viacheni, hiyo ni kazi yake. Kile cha "nimerudi" kiondolewe. Mwite Ombui mbele ya Phanice na mzee mmoja wa kanisa, akitoe siku hiyo hiyo, kisha aseme kwa mdomo wake, kwenye kipindi hicho hicho, kwamba Mose amefariki na ile sauti ilitengenezwa. Akikataa, mitandao inayobeba vipindi huwa na mahali pa kulalamikia. Phanice aandike huko kama mjane, na cheti cha kifo akiweke pamoja.

Na ninyi wenye podikasti mnaosoma hapa mkitikisa vichwa, mmejipangaje? Mashine za kuiga sauti sasa ziko kwa kila mtu mwenye simu, na saa nyingi mlizotangaza ndizo chakula chake. Semeni mkiwa hai, mbele ya mashahidi, nani atabaki na rekodi zenu na kama mashine iruhusiwe kuzigusa. Urafiki wa kipindi si kibali. Na namba ya siri ijulikane na mke au mume wako, si msaidizi wa kitufe peke yake.

Nikurudie wewe. Simu ni kioo, itaanguka. Nendeni Kisii mjini, wewe na Phanice pamoja, mkae mbele ya fundi anakili rekodi zote kwenye flashi mbili, na msiondoke hapo hata kwenda kunywa chai. Flashi moja ya Phanice, moja yako. Lakini kabla ya safari hiyo, mpe Phanice simu aifute ile mashine wewe ukitazama. Usijaribu peke yako, hutaweza. Jioni ya kwanza utamaliza kukama na mkono utaitafuta. Itauma, na sina dawa yake. Blanketi usilifue mpaka utake mwenyewe.

Anyona ataendelea kukimbia getini kwa muda. Kila mara mfuate, umbebe, umwambie baba amekufa. Usimwambie amesafiri. Siku moja atakua aombe kusikia sauti ya baba yake, na kama umempa Ombui, mtoto atapewa maneno elfu ambayo baba yake hakuyasema, na wewe utakuwa hupo kumchambulia. Mpe zile za chini ya blanketi. Naamini mahali fulani humo, kabla kipindi hakijaanza, unasikika ukimfokea naye anakubishia. Fundi atakuambia hizo ni kelele, azikate.

Mkatalie. Hapo ndipo mjukuu wako alipo.