Jembe la Siku ya Tatu

Mama, shikamoo. Unisamehe haya matope kwenye kadi. Siku mbili nimepanda na kushuka vilima vya Mangea kwa mvua na ukungu, mzigo mgongoni, kila jioni nikipiga hema mahali papya. Ndivyo nilivyodhani. Leo asubuhi mama mmoja wa Kigiriama kabisha hodi hemani, ana jembe mkononi.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," akanambia.

Nikamjibu nimefika jana magharibi.

"Mwanangu, na juzi si ulilala hapa hapa, kando ya mahindi yangu?"

Sasa jana kutwa nilikuwa nakwenda wapi? Napalilia, naye anachemsha muhogo. Niombee dua, Mama. Itanipata, ijapokuwa mwenyewe sijui nilipo.

Mwanao,
Swaleh